Kuacha kazi ndicho anachokisubiri bosi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni muuza mafuta kwenye sheli moja nje kidogo ya mji wa Morogoro, barabara ya Iringa, mwaka wa sita sasa. Kila ninayemsimulia habari za bosi wangu ananijibu neno moja: acha. Shemeji yangu kaniambia, mama mchungaji kaniambia, hata dereva mmoja wa lori la Tunduma aliyenikuta nikitukanwa mbele ya wateja aliniuliza, "Dada, hapa unangoja nini?" Sikumjibu, kwa kuwa jibu lake ni refu na lori lilikuwa linaunguruma.

Wengi wanaojaza mafuta hawaijui shoti. Zamu ya usiku ni saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Ukiingia mnasoma mita ya pampu, ukitoka mnasoma tena. Lita zilizotoka zinazidishwa kwa bei, na fedha hiyo unatakiwa kuikabidhi yote, ya taslimu na ya lipa namba. Ikipungua ni shoti, na shoti inakatwa kwenye mshahara. Hilo peke yake silalamikii. Nikionyeshwa meseji feki ya malipo nikamwachia mtu akaondoka, hasara hiyo ina mwenyewe.

Ninacholalamikia ni Jumatano ya kwanza ya mwezi. Siku hiyo bei kikomo mpya za EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, huanza kutumika saa 6:01 usiku, mimi nikiwa katikati ya zamu. Mwenye namba ya siri anakuja, anabadili bei kwenye pampu, anarudi kulala. Mita hasomi. Asubuhi bosi anachukua lita za usiku kucha na kuzizidisha zote kwa bei mpya. Bei ikiwa imepanda shilingi 70, na mimi nilishauza lita 900 kabla ya saa sita (malori machache tu hayo), kunakucha nina shoti ya shilingi 63,000 ambayo hakuna aliyeiiba. Mwezi ambao bei imeshuka hesabu inageuka, inatoka ziada. Ziada, anasema bosi, ni mali ya kampuni. Niliwahi kumuuliza kwa nini basi shoti nayo isiwe mali ya kampuni. Ndiyo siku ile dereva aliyonikuta natukanwa.

Pampu ya mpwa wake, kwa taarifa tu, haijawahi kupata shoti.

Mshahara wangu ni shilingi 280,000. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi hakatwi kufidia hasara kabla hajapewa nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo yangu ni 70,000. Mwezi uliopita nilikatwa 118,000, na nafasi yangu ya kujieleza ilikuwa kusimama mlangoni mwa ofisi huku yeye akiongea na simu.

Sasa tupige hesabu ya huko kuacha. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, ila mpaka mwajiri ndiye awe amekuachisha. Nikiandika barua mwenyewe, siku zangu 35 za miaka mitano iliyotimia zimekwenda na maji. NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, nako kuna fao la kutokuwa na ajira, kama theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, lakini aliyeacha kwa hiari yake halimhusu. Tena notisi ya siku 28 natakiwa kuitoa mimi. Bosi haya yote anayajua, ndiyo maana hajawahi kunifukuza. Ananipanga usiku mwezi mzima, likizo ananipiga kalenda, kisha ananikumbusha kwamba mlango uko wazi na nje kuna vijana kibao wanaitaka kazi. Anangoja nichoke, niandike kwa mkono wangu.

Mwenzangu alichoka. Alimtumia bosi ujumbe wa WhatsApp, "Naacha kazi, baki na sheli yako," akavua sare, akaenda zake. Tulimshangilia wote. Alipofika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, kudai haki zake, ujumbe ule ulikuwa umeshachapwa kwenye karatasi, uko mezani mbele ya msuluhishi.

Sheria hiyohiyo ya Ajira inahesabu kwamba umeachishwa hata kama umeacha mwenyewe, iwapo mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Shida ni kwamba kulithibitisha hilo ni juu yako, na matusi hayatoi risiti. Makato yanatoa. Kwa hiyo siku ya bei mpya, ikikaribia saa sita, napiga picha mita ya pampu yangu na risiti ya mwisho ya bei ya zamani. Nimeandika barua pia, ya kuomba maelezo ya makato, siyo ya kuacha kazi. Bosi alikataa kuipokea, nikaituma posta kwa rejista. Madai ya namna hii hupelekwa CMA ndani ya siku 60. Ya kuachishwa isivyo halali ni siku 30, na kufungua shauri hakuna ada. Nikitoka pale sheli, nitatoka kwa njia hiyo.

Wala sihubiri uvumilivu. Binti ambaye bosi anamshikashika ofisini asikae kupiga hesabu za kiinua mgongo. Huyo aondoke leo na aende polisi. Ila sisi wa shoti na likizo za kupigwa kalenda, tunaposhauriwa kuacha, mshauri atuambie pia ada ya mtoto wa kidato cha pili itatoka wapi wakati tunatafuta kazi nyingine.

Ombi langu ni kwa Ofisi ya Kazi. Wakala wa Vipimo huja kupima pampu zetu kama zinamwibia mteja, na wanafanya vizuri. Hesabu ya muuzaji hakuna anayekuja kuipima. Usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi ujao niko zamu, kama nilivyo kila mwezi. Ofisa kazi akipita kwenye sheli yoyote ya barabara hii, asije saa nne akiwa ameshakunywa chai. Hesabu inafungwa saa 12 asubuhi.

Muuza mafuta,
Morogoro
(Jina na anwani vimehifadhiwa)