Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: mbuzi nao wachanjwe dhidi ya kutupa mimba

Mheshimiwa Waziri,

Salaam za heshima kutoka Simanjiro. Kampeni ya kitaifa ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi mwaka 2025 ni jambo ambalo wafugaji walilisubiri muda mrefu. Ng'ombe shilingi 500, mbuzi na kondoo shilingi 300, kuku bure. Homa ya mapafu ya ng'ombe imo, sotoka ya mbuzi na kondoo imo. Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, haumo. Nakuandikia kuomba nao uingizwe, na mbuzi na kondoo wasiachwe nje.

Naelewa ulivyobaki nyuma. Sotoka inafyeka zizi zima mwenye mali akiangalia. Brusela haina kishindo hicho. Mbuzi anatupa mimba leo, mwakani anazaa, na mwenye mbuzi anasahau. Anayeumia muda mrefu ni binadamu: homa zinazokuja na kuondoka, jasho la usiku linalolowesha shuka, kiuno na viungo kuuma kwa miezi. Matibabu yake ni doksisaiklini kwa wiki sita pamoja na dawa nyingine. Kwa mtu anayehama na mifugo kutafuta malisho, wiki sita za dawa bila kukatisha ni mtihani.

Na wengi hata dawa hiyo hawaipati, kwa sababu wanatibiwa malaria. Watafiti waliofuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mjini Moshi mwaka 2007 na 2008 walikuta zaidi ya asilimia 60 wameandikiwa malaria, ilhali waliokuwa nayo kweli ni watu 14 tu. Magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, kama brusela, leptospira na homa ya Q, yalionekana kwa zaidi ya robo ya waliopimwa magonjwa hayo. Hakuna hata mmoja wao ambaye alipopokelewa ugonjwa huo ulitajwa kati ya yale aliyodhaniwa kuwa nayo. Siwalaumu madaktari. Homa zinafanana, na ugonjwa usiotajwa haupimwi.

Ukitaka kuona unavyoingia mwilini, Mheshimiwa, kaa bomani msimu wa kuzaa. Mbuzi akikwama, mama mwenye boma anapiga magoti, anaingiza mkono mtupu, anamvuta mtoto taratibu, kisha anaondoa kondo la nyuma na kuwatupia mbwa. Anajifuta kwa majani na kuendelea kukamua. Kama mbuzi yule ana brusela, kondo lile na maji yale yamejaa vimelea. Sisi tunahubiri maziwa yachemshwe, na ni kweli yachemshwe, lakini sufuria haimlindi aliyemzalisha mbuzi. Kinachomlinda ni mbuzi kutokuwa na ugonjwa.

Kwa upande wa ng'ombe tuna pa kuanzia. Kibaha, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari, inatengenezwa chanjo ya S19, ambayo mtamba wa miezi mitatu hadi minane huchanjwa mara moja. Ni chanjo kongwe: kimelea chake kilitolewa kwenye maziwa ya ng'ombe huko Marekani mwaka 1923, kikaachwa maabara bila jokofu kwa zaidi ya mwaka, kikapoteza ukali wake. Lakini kule Endulen, Ngorongoro, damu za wagonjwa wa homa zilipooteshwa maabara ili kimelea kionekane, aina ya brusela iliyotawala ilikuwa ile ya mbuzi na kondoo. Tukichanja ng'ombe pekee, tutakuwa tumeziba tundu dogo na kuacha kubwa.

Chanjo ya mbuzi na kondoo ipo, inaitwa Rev.1, nayo ni ya tangu miaka ya 1950. Hudondoshwa jichoni. Ugiriki waliitumia kwa miaka mingi, wakaisimamisha mwaka 1994, wagonjwa wa brusela wakaongezeka, hadi chanjo iliporudishwa mwaka 1998 ndipo wakaanza kupungua.

Hata hivyo siombi iagizwe kesho na kugawiwa. Rev.1 ni chanjo hai, yaani ina kimelea hai kilichopunguzwa ukali. Mbuzi mwenye mimba akiipata anaweza kutupa mimba kwa chanjo yenyewe. Mchanjaji asiyejikinga anaweza kuambukizwa, na kimelea chake hakisikii streptomaisini, ambayo ni moja ya dawa za kumtibu. Tena mbuzi aliyechanjwa anaweza kuonekana mgonjwa akipimwa damu. Na kwetu mabeberu wengi hawatengwi na majike, kwa hiyo kujua mwezi ambao majike wengi hawana mimba kunahitaji kuchunguzwa kijiji kwa kijiji.

Ndiyo maana naomba majaribio yafanyike hapa, kwenye mbuzi wetu na kwa ukame wetu. Wizara, Wakala na Chuo Kikuu cha Sokoine wachague vijiji, baadhi vichanjwe mwanzo na vingine vifuate baadaye, mimba zinazotupwa zihesabiwe pande zote mbili, na zahanati za vijiji hivyo ziwapime brusela wagonjwa wa homa. Hapo Wizara ya Afya ichangie. Hesabu zilizofanywa kwa Mongolia na kuchapishwa mwaka 2003 zilionyesha kuwa faida ya kuchanja mifugo, ikijumlishwa ya wafugaji na ya afya za watu, ni zaidi ya mara tatu ya gharama. Si haki bajeti ya mifugo ibebe peke yake mzigo unaopunguza wagonjwa hospitalini.

Matokeo yakiwa mazuri, tone hilo lidondoshwe siku zilezile ambazo mbuzi wanakusanywa kwa sotoka, kwa kuwa wachanjaji na makasha ya barafu yatakuwa tayari yapo. Na yakiwa mabaya, wenye mbuzi waliojaribiwa waelezwe wa kwanza, kwenye mkutano wa kijiji, na waliopata hasara walipwe.

Wako katika utumishi,
Mhudumu wa mifugo, Simanjiro