Viatu vyako viko chini ya kitanda changu

Mwanangu,

Mzigo umefika. Niliufuata Nyegezi stendi Jumanne nikidhani ni mchele. Kufungua, nakuta viatu vyako vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa, vimejazwa magazeti ndani visikunjike. Saa yako. Shati ulilovaa harusi ya dada yako. Na kikaratasi: "Mpe mdogo wangu." Hata salamu hakuna.

Kwa nini unagawa vitu vyako, baba? Anayehama huhama na viatu vyake. Sijampa. Tena miguu yake unaijua, haingii humo.

Nilimuuliza nesi mmoja, mteja wangu wa dagaa pale Mwaloni. Jina lako sikulitaja. Akasema mtu akiacha kula, akawa hapati usingizi, kisha akaanza kugawa vitu, asiachwe peke yake, na aulizwe waziwazi. Basi nakuuliza: unawaza kujiua? Niambie ndiyo au hapana, sitapiga mayowe. Akasema hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, na inatibika. Na yale mengine, ulivyo wewe, akasema si ugonjwa, Shirika la Afya Duniani liliyaondoa kwenye orodha ya magonjwa tangu mwaka 1990. Nilishika sado nikasahau napima nini, nikamzidishia. 1990 wewe hata mimba yako sijaibeba.

Zile siku tatu za kufunga na kuomba, ulipokuwa na miaka 17, mchungaji ndiye aliyekutikisa kichwa. Ila ufunguo wa chumba ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Mlango ule kitasa chake kilikufa, fundi akataka elfu 15. Nikaung'oa. Sasa pana pazia tu.

Najua unaogopa hospitali. Kifungu cha 154 cha sheria, kile cha mwanaume kulala na mwanaume, nami nimekisikia, jela miaka 30 mpaka maisha si mchezo, na watu wa mtaa wala hawangoji sheria. Lakini kwa daktari waweza kusema silali, sili, nawaza kufa. Yanatosha hayo kutibiwa. Unayempenda ni nani, si lazima umwambie.

Nawe umezidi kimya. Juzi nimepiga mara nne, simu inaita mpaka inakata. Mtoto niliyemlea hivi hawezi kumfanyia mama yake hivyo! Hapa Kirumba wakiunguza soketi bado wanauliza yule fundi wetu anarudi lini, haohao wenye midomo. Nawajibu uko kazini, una kazi nyingi.

Mwenzako mnayekaa naye sijawahi kumsalimia. Msalimie. Mwambie wiki hii asikuache peke yako usiku, na vidonge kama viko humo ndani akae navyo yeye.

Mbona unagawa vitu, lakini? Saa ile ulidunduliza mwaka mzima.

Giza la mwezi limeanza, taa za wavuvi zimejaa ziwani, dagaa wanashuka kila asubuhi. Wako nimewaanika kwenye chanja, hawana hata punje ya mchanga. Siwatumi kwa basi. Njoo uwachukue na viatu vyako, au niletee neno nije nao mimi. Nauli ninayo, nimekopa kwenye kikoba.

Ukisoma hii nipigie, hata iwe saa nane usiku. Simu nailaza kwenye chaji jikoni, kwenye soketi uliyoifunga wewe. Ile ya karibu na mtungi imeanza kutoa cheche, nimeiziba kwa kitambaa nikikungoja.

Mama yako