Umeme ukikatika tunaulizana, mtu akianguka tunakimbia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo nililoliona wiki iliyopita katika stendi ya mabasi ya mji mmoja wa Mkoa wa Morogoro. Umeme ulikatika mnamo saa moja na nusu usiku, na kufumba na kufumbua stendi nzima ilikuwa imejipanga: wauza chipsi waliwasha tochi za simu, mwenye duka la dawa akawasha jenereta, na kila mtu akawa anamwuliza jirani yake kama kwao nako kumekatika. Hazikupita dakika kumi, kijana mmoja aliyebeba begi la shule akatoa ukelele, akaanguka karibu na jiko la mkaa la mama lishe, mwili ukamkakamaa na kuanza kutikisika. Watu wale wale waliokuwa wakimulikiana njia wakarudi nyuma. Mmoja alisema asiguswe kwa kuwa mate yake yanaambukiza. Mwingine akaja na kijiko akitaka kumpanulia meno.

Nilimsogeza mbali na jiko, nikamwekea kanga ya mama lishe chini ya kichwa, na alipotulia nikamlaza ubavu ili mate yatoke. Alipozinduka hakujua yuko wapi, wala hakukumbuka kwamba alikuwa akisubiri basi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mambo hayo sikufundishwa chuoni. Niliyajua nimechelewa, tena kwa kumwumiza mtoto wa watu. Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tatu ambaye alipokuwa akisoma kwa sauti alinyamaza katikati ya sentensi, macho yakakodolea mahali pamoja kwa sekunde kumi hivi huku kope zikimchezacheza, kisha akaendelea kana kwamba hapakuwa na kilichotokea. Nilimwona mtoto mzembe, nikamchapa zaidi ya mara moja. Tabibu wa zahanati ndiye aliyemweleza mama yake kwamba hicho nacho ni kifafa, ingawa hakimwangushi mtu, na kwamba fahamu za mtoto yule zilikuwa zikizimika na kurudi mara nyingi kwa siku bila mwenyewe kujua. Nilimwadhibu kwa kusahau maneno ambayo hakuwahi kuyasikia. Mpaka leo sijapata namna ya kulisema hilo bila uchungu.

Lugha yetu imeliweka jambo hili karibu sana na taa, kwani taa huzimika na mtu huzimia. Hata hivyo, katika kifafa umeme wa ubongo haupungui. Chembe za ubongo huwasiliana kwa mikondo midogo ya umeme, na kifafa hutokea pale nyingi zinapowaka kwa pamoja kupita kiasi. Kwa hiyo hakuna cha kuambukiza katika mate wala katika pumzi. Huku kwetu chanzo huweza kuwa uzazi mgumu uliomkosesha mtoto hewa, malaria iliyopanda kichwani, jeraha la ajali, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika kwenye ubongo, na vyote hivyo ni mambo ambayo hospitali inayajua.

Mkoa huu haukupaswa kuwa nyuma katika elimu hii. Ni huku Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambako daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, aliwakuta wagonjwa wa kifafa wamefichwa na jamaa zao, wengine wakiwa na makovu ya kuangukia moto wa jikoni, akaanzisha kliniki ya kuwatibu. Zaidi ya miaka 60 baadaye, moto bado uko palepale, na sisi bado tunarudi nyuma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangegunduliwa mapema na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitali, mojawapo ya dawa zake, ni ya bei ndogo, lakini humezwa kila siku, na kuikatisha ghafla kunaweza kuleta degedege kali kuliko la mwanzo. Ndiyo maana dawa hii inapokosekana zahanati kwa wiki mbili, hasara yake hailingani na ya kukosa dawa ya kikohozi, na wanaopanga mgao wa dawa wilayani wanapaswa kulizingatia hilo.

Naziomba mamlaka za elimu ziwafundishe walimu, tangu chuoni, kumtambua mtoto anayeduwaa hivyo kabla hawajashika fimbo. Nawe, Mhariri, nakuomba utenge nusu ukurasa Jumatatu ya pili ya Februari, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Kifafa, uwaeleze wasomaji kwamba anayeanguka hashikwi kwa nguvu, hatiwi kitu chochote kinywani, anaondolewa karibu na moto, na akiendelea kutikisika zaidi ya dakika 5 apelekwe hospitali mara moja. Kijana wa stendi alikosa basi lake usiku ule, kwa sababu kondakta alikataa kumpakia, na ilinibidi nikae naye hadi kaka yake alipofika na pikipiki saa nne kasoro.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro