Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mvua, Mteremko na Ghala Letu

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wakulima, hapa Mgeta kwenye milima ya Uluguru, inataka taarifa hii isomwe kabla ya mweka hazina kusoma hesabu na kabla ya uchaguzi. Mambo ya soko nitayagusa tu, kwa kuwa wote mnayajua. Kabichi ilianguka bei pale kila mtu alipoishusha wiki moja, karoti ilitulipa, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, bado ipo licha ya vikao vyote tulivyokaa na wanunuzi. Mbolea ilichelewa. Wanachama wapya wamepokelewa na majina yao yamebandikwa ukutani. Sehemu kubwa ya taarifa ya mwaka huu inahusu mlima wenyewe tunaoulima, kwa sababu kamati imeujadili kuliko bei yoyote ya kabichi.

Kamati inaleta mbele yenu pendekezo moja zito: ghala letu lihamishwe kabla ya masika yajayo. Najua habari zimeshatembea na maneno yamekuwa mengi. Naomba hoja isikilizwe yote ndipo mikono inyooshwe.

Ghala limekaa mdomoni mwa korongo. Waliolijenga walikuwa na sababu zao, na nzuri tu: hapo ndipo penye tambarare ya kutosha Fuso kugeuza, na barabara iko hatua chache. Lakini hapa Mgeta mahali tambarare hapapatikani bure. Mwezi wa saba vijana walipochimba shimo la choo kipya, nilisimama ukingoni nikatazama. Juu palikuwa na changarawe, chini yake udongo mwekundu, halafu mawe makubwa yenye ncha, halafu udongo tena, na ndani ya udongo huo kipande cha gogo kilichooza. Mawe yaliyokokotwa na mto kwa muda mrefu hulainika yakawa mviringo. Haya yana ncha kwa sababu yalishuka kwa mkupuo, pamoja na tope na miti. Kiwanja chetu kimetengenezwa na korongo, na si mara moja.

Baada ya mvua za Aprili, mama mmoja mwanachama wetu aliyekuwa akikata majani ya mbuzi juu ya korongo hilo aliona ufa umekata mteremko kwa upana. Kiganja kinaingia. Hakunyamaza, alikuja kusema siku hiyohiyo, na kamati inamshukuru. Tulipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na kijana mmoja amepewa kazi ya kupima umbali kati ya vigingi hivyo kwa futi ya fundi kila Jumamosi na kuandika kwenye daftari. Kiangazi chote vipimo havikubadilika. Vuli ilipoanza vilianza kusogea. Daftari liko mezani kwa katibu, na kila mwanachama ana haki ya kulisoma.

Sasa niende kwenye hoja ya wenzetu wanaopinga. Wanasema: tupande miti juu ya korongo, ni nafuu kuliko kujenga ghala jipya, na kila mtaalamu anayekuja hapa husema miti. Ni hoja ya maana, na nusu yake ni kweli. Wazee waliopo wanaikumbuka mvua ya tarehe 23 Februari 1970. Ilinyesha milimita 100 hivi kwa muda usiozidi saa tatu, na katika eneo letu hili la Mgeta ardhi iliporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti Anders Rapp na Paul Temple walikuja kuyahesabu na kuyapima. Waliona kwamba karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na kwenye majani na mashamba yaliyolazwa. Yaliyoanzia penye msitu hayakufika hata moja kwa mia. Mengi yalikuwa ya kina kifupi, mita moja au moja na nusu hivi: udongo wa juu ulishiba maji, ukateleza juu ya tabaka gumu kama mkeka juu ya sakafu iliyomwagiwa maji. Mizizi ya miti ingeyashika mengi ya hayo. Kwa hiyo kwenye mashamba, miti ndiyo, tena mingi.

Lakini tazameni mlima Hanang, mkoani Manyara. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlimani yakapitia makorongoni hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Watu 89 walifariki. Siku za mwanzo wengine walidhani ni volkano imelipuka, kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano kweli, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba haukuwa mlipuko wala tetemeko. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilikuwa imenyonya maji ya mvua hadi ikashindwa kujibeba, ikameguka. Na mlima ule una msitu wa hifadhi. Magogo yaliyobomoa nyumba yalitoka kwenye miti iliyokuwa imesimama juu.

Hapo ndipo kamati ilipofikia uamuzi wake. Kuna hatari mbili na tumekuwa tukizichanganya. Moja ni udongo wa shambani kuteleza. Hiyo tunaipunguza kwa miti, kwa majani ya kingo, kwa makinga maji. Ya pili ni korongo kubeba kila kilichomeguka juu na kukimwaga mdomoni mwake. Hiyo haizuiwi na miche tutakayopanda mwaka huu. Dawa yake ni kutokuwepo pale. Wenye nguvu za kupanda miti juu ya korongo wapande, nami nitakuja na jembe langu, lakini miti hiyo itawafaa wajukuu zetu. Ghala linalindwa kwa kuhamishwa.

Wapo wanaosema ghala limekaa miaka yote hiyo bila kuguswa. Hata Katesh nyumba nyingi zilikuwa zimekaa miaka bila kuguswa. Wengine wanasema mnada wa mazao utapungua tukiwa mbali na barabara. Hilo nakubali lina uzito, na ndiyo maana kiwanja kinachopendekezwa kiko kwenye mgongo wa kilima, upande wa shule, ambako bodaboda na punda wanafika na Fuso itafika tukichonga mita chache za njia. Gharama yake mweka hazina atawasomea.

Makinga maji na ardhi ya ukoo

Nakuja kwenye mashamba. Kazi ya makinga maji mwaka huu ilikwenda vizuri vitongoji vya juu na vibaya vitongoji vya chini. Kinga maji lisilosafishwa ni hatari kuliko shamba lisilo na kinga: linakusanya maji ya mteremko mzima na kuyamwaga sehemu moja, kwa kawaida kwenye shamba la jirani wa chini. Kesi tatu za aina hiyo zimefika kwa kamati na zote zimesuluhishwa bila kwenda kwa mtendaji. Ninachoomba ni kwamba kila anayechimba kinga ahakikishe mwisho wake unaingia kwenye mfereji wa mawe au wenye majani, wala usielekezwe njiani. Njia yetu ya kwenda zahanati imekatika kwa ajili hiyo tu.

Kila tukitaja matuta, kuna mzee atakayesimama kukumbusha ya zamani, na ana haki. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilileta mpango wake wa matumizi ya ardhi Uluguru na kuwalazimisha watu kuchimba matuta. Udongo wa juu ni mwembamba. Ukiukata na kuugeuza, rutuba inafukiwa na kinacholimwa ni mchanga wa chini. Watu walikataa, zikatokea ghasia za Matombo mwaka 1955, na mpango ukafa. Huku kwetu wazee waliendelea na matuta yao ya ngazi, yanayofukia magugu na mabaki ya mazao ndani ya tuta, na mboga zetu zinakua juu ya ngazi hizo hadi leo. Chama hakimlazimishi mtu tuta la aina yoyote. Tunachosimamia ni maji yanakoelekea.

Kikwazo kikubwa cha kupanda miti hakipo kwenye miche, maana kitalu chetu kina miche ya kutosha. Kipo kwenye ardhi ya ukoo. Shamba linashuka kwa upande wa mama. Mume anayelima shamba la ukoo wa mkewe akipanda mti, wajomba wanauliza anataka nini. Mti hudumu, na huku kwetu kupanda mti ni kama kuandika jina. Kwa hiyo watu wanapanda karoti, ambazo hazina ugomvi na mtu. Katibu na mimi tulikaa na wazee wa koo tatu. Wawili wamekubali kwamba miti ya kingo za makorongo ihesabiwe kuwa ya ukoo tangu siku ya kupandwa, na apandaye apewe haki ya kukata matawi ya kuni na majani ya mbuzi. Yameandikwa na kuwekewa sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ukoo wa tatu bado wanashauriana. Binafsi naona hii ndiyo kazi bora tuliyofanya mwaka mzima, ingawa haikugharimu chama zaidi ya soda na mandazi.

Onyo na nani anayegonga mlango

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo, tahadhari, kisha tahadhari kubwa, na kila ngazi ina rangi yake. Taarifa hizo zinafika kwenye simu zetu, tena mapema. Kabla ya vuli ya 2023 walishatangaza kwamba mvua za El Niño zinakuja. Hata hivyo, Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha kutokana na mvua hizo na madhara yake nchini. Mwezi huohuo tope la mlima Kawetire lilishuka Itezi, jijini Mbeya, likafukia nyumba. Taarifa ya mkoa inakwambia mvua kubwa inakuja Morogoro. Haiwezi kukwambia kwamba ufa ulio juu ya nyumba yako umefunguka usiku huu. Hilo ni letu.

Tumetundika rimu ya gari kwenye mwembe wa kitongoji cha juu na nyingine jirani na ghala. Ikigongwa mfululizo bila kupumzika, maana yake ni kutoka na kwenda mgongoni mwa kilima, mbali na korongo, msishuke bondeni. Kila kitongoji kina vijana wawili wa zamu, na wana orodha ya nyumba zenye wazee, wagonjwa na wajawazito, ambazo hawapigiwi rimu tu bali wanagongewa mlango. Watoto wasiitumie rimu kuitana mpirani. Ilishatokea mara moja, na usiku wa pili wake nusu ya watu hawakutoka.

Dalili wote tunatakiwa kuzijua. Ufa mpya au ufa wa zamani unaopanuka. Miti au nguzo za umeme zinazoanza kuinama. Mlango wa nyumba uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama. Chemchemi kugeuka tope ghafla, au kuchipuka mahali haikuwepo. Na moja ambayo watu huiona kuwa heri: mvua inanyesha, mto badala ya kujaa unapungua. Hapo juu kuna kitu kimeuziba, na kikiachia kitashuka na vyote. Ukiona hivyo usiende kutazama. Gonga rimu.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Ya kwetu ilikuwa na majina kwenye karatasi. Mwaka huu imekaa vikao, na chama kina wajumbe wawili ndani yake. Tumeomba ramani ya makorongo na nyumba zilizo midomoni mwake ichorwe na kijiji, na rasimu ya kwanza imeshachorwa kwa kalamu za rangi na wanafunzi wa sekondari wakisaidiwa na wazee. Ukiitazama utaona si ghala peke yake lililokaa vibaya. Wenye nyumba hizo wamefuatwa nyumbani mmoja mmoja. Majina yao hayatasomwa hapa.

Yanayopigiwa kura ni mawili. La kwanza, kuhamisha ghala kama nilivyoeleza, tukianza na paa na milango kwa kuwa mabati bado mazima. La pili, sehemu ya ada ya kila mwanachama iingie kwenye mfuko wa kusafisha makinga maji na kununua kamba, tochi na makoti ya mvua ya vijana wa zamu. Mfuko huu usichanganywe na ule wa kufa na kuzikana. Kamati ilibishana sana kuhusu hilo na wengine walitaka mfuko mmoja. Msimamo wangu ni kwamba tukichanganya, fedha za kuzuia zitaliwa na mazishi, kwa sababu mazishi hayawezi kusubiri.

Mkataba wa kiwanja kipya unasubiri kura yenu. Ukoo unaokitoa unataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Mwanachama anayetaka kuona ufa kwa macho yake kabla ya kupiga kura, kijana wa vipimo atakuwa ghalani Jumamosi saa mbili asubuhi. Njooni na viatu vinavyoshika, na kama mvua itakuwa imenyesha usiku, safari hiyo imeahirishwa.

Mwenyekiti