Usimtie Glory hayo matone

Pasua, Moshi

Mama Glory,

Za siku nyingi? Sisi wazima, ila vumbi la Februari limetuchosha. Bodaboda ikipita unafumba macho na mdomo.

Nimeusoma ujumbe wako kwamba macho ya Glory yamekuwa mekundu. Hicho kichupa cha matone alichokuachia jirani, tafadhali usimtie mtoto. Mwaka juzi nilimtia Kelvin matone ya aina hiyo, siku ya pili jicho likawa jeupe, nikajisifu. Kumbe yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe: wekundu unatulia, ugonjwa unabaki chini kwa chini. Wiki iliyofuata tulikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho ya hospitali ya KCMC, nimeinamisha kichwa.

Ukiniambia “mekundu” tu hujanisaidia. Mwangalie asubuhi kabla hajanawa. Kope zikiwa zimegandana kwa tongotongo zito la njano, mara nyingi ni bakteria, na hapo mhudumu akithibitisha atakupa tyubu ya tetrasaiklini ya macho ya asilimia 1. Vuta kope ya chini, kamulia ndani kiasi cha punje ya mchele, ncha isiguse jicho. Yakiwa machozi ya maji tu, yameanza jicho moja yakahamia la pili, na ana mafua, hao ni virusi, kama yale macho mekundu yaliyosumbua watu Dar mwaka 2024. Antibayotiki haifanyi kitu. Huchukua wiki moja au mbili yakaisha yenyewe. Akijifikicha sana huku anapiga chafya, ni mzio. Mwekee kitambaa cha maji baridi.

Vyovyote vile, chemsha maji yapoe, chovya pamba, futa kutoka upande wa pua kwenda nje. Kila jicho na pamba yake, kisha tupa. Na taulo lake liwe peke yake! Lile moja linaloning'inia nyuma ya mlango wenu nalijua, nimelifutia uso mwenyewe.

Mama mkwe atakuletea habari za maziwa ya mama au chai ya rangi. Mwitikie kwa heshima, usitie.

Ila akikimbia mwanga, akisema linauma kwa ndani, anaona ukungu, au ukiona doa jeupe kwenye cheusi cha jicho, usisubiri kesho, mpeleke hospitali ya Mount Meru. Na kichanga cha mdogo wako kikitoa tongotongo, hata kidogo, ni hospitali siku hiyohiyo.

Nitakupigia Jumapili tukitoka ibadani, uniambie ameamkaje.

Wako,
Mama Kelvin