Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Matatizo ya Ukuaji wa Mifupa ya Mikono kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa dini, wazazi wenzetu na watoto, itifaki imezingatiwa.

Tunakukaribisha kwa heshima kubwa, tukijua ratiba yako imebana. Historia yetu ni fupi: kikundi kilianzishwa na kina mama waliozoeana kwenye foleni ya kliniki, kila mmoja na mtoto mwenye mkono uliopinda. Leo tuna katiba, akaunti benki, na mradi wa kukodisha viti uliotikisa uchumi wa kata nzima. Hicho ulichokalia ni chetu.

Mheshimiwa, watoto wetu hawaumwi ugonjwa mmoja. Wapo walioanguka kwenye miembe msimu wa maembe, wakavunjika karibu na kiwiko au kifundo cha mkono, na gegedu la ukuaji, ile sehemu laini karibu na ncha ya mfupa ambapo mfupa hurefukia, likaumia. Upande mmoja wa mfupa ukiacha kukua na mwingine ukiendelea, mkono hupinda. Wapo waliorithi vinundu vya mifupa: mfupa wa upande wa kidole cha mwisho hubaki mfupi, mwenzake huinama, na wakati mwingine huteguka kiwikoni. Na wapo mabinti ambao vifundo vyao vilianza kupinda walipokaribia kuvunja ungo, wakaambiwa wanadeka. Hakuna aliyerogwa, na hilo tunalisema vijijini kila mwezi bila posho.

Wote wanafukuzana na muda. Kwa kawaida mifupa ya wasichana humaliza kukua kati ya miaka 14 na 16, ya wavulana kati ya 16 na 18. Kabla ya hapo daktari anaweza kuuongoza mfupa unaokua, au kuondoa kinundu kinachouzuia. Baada ya hapo, mara nyingi hubaki kuukata na kuunyoosha. Na mfupa umefikia wapi, jicho halioni. Inahitajika eksirei, tena ya kurudiwa.

Ndiyo maana ombi letu ni moja: mashine ya eksirei. Chumba kipo. Kilijengwa, kikawekewa mlango wenye madini ya risasi, kikazinduliwa kwa utepe. Mgeni rasmi aliyekutangulia, ambaye tunamheshimu sana, alisema kwenye viwanja hivi hivi kwamba mashine ingefika robo ya kwanza ya mwaka wa fedha. Hakutaja mwaka upi. Tulipiga vigelegele, tukamzawadia mbuzi. Mbuzi alifika kwake. Mashine haijafika kwetu. Chumba sasa kinahifadhi vitanda vibovu, na mzazi hulipa nauli ya watu wawili hadi mkoani kwa picha ya dakika chache. Asiye na nauli huahirisha safari, lakini mtoto haahirishi kukua.

Kufuatilia tumefuatilia. Kila mara tunapokelewa kwa lugha nzuri na kuambiwa mchakato unaendelea. Waliokuwa watoto siku ya utepe, leo wanaota ndevu.

Mashine ikija, ije na mtaalamu wa mionzi wa kuiendesha, na daktari bingwa wa mifupa atufikie kwa huduma ya mkoba walau kila robo mwaka.

Mheshimiwa, mbuzi wa leo yupo, amefungwa nyuma ya jukwaa. Kamati imeamua akabidhiwe siku mashine inashushwa. Kwenye nakala yako tumeacha nafasi ya tarehe, na kalamu ipo mezani.

Tunaomba kuwasilisha.