Barua kwa wanangu mliokabidhiwa funguo zenu wenyewe

Wanangu, wa kike kwa wa kiume, hamjambo.

Nyumba zenu nimeshazitembelea na sikusema kitu, maana mgeni haanzi kukagua nyaya kabla hajapewa kiti. Leo nasema. Mmepaka rangi, mmetundika mapazia, kila mmoja kanionyesha alipoweka televisheni. Nilipouliza swichi kuu ya umeme iko wapi, watatu walibabaika. Mmoja alinionyesha jokofu.

Nitakalo kuwaambia ni kwamba nyumba huponzwa na haraka. Ajali nilizoziona mimi hazikuletwa na ujinga. Wenyewe walijua la kufanya, ila walikuwa wamechelewa. Nikiwa na umri wenu niliacha pasi ya moto juu ya shati, nikatoka mbio kwa kuwa nilikuwa nimepitiwa na usingizi. Jirani ndiye aliyeona moshi. Mpaka leo nikishafunga mlango hurudi ndani kuhakikisha, na mke wangu amezoea kunisubiri njiani.

Kwa hiyo msitenganishe ratiba na usalama. Nguo ya kesho pigeni pasi leo jioni. Funguo zikae kwenye msumari mmoja, siku zote huo huo, kwa sababu siku ya moto hakuna atakayepata nafasi ya kupekua mikoba. Na mnapopanga siku, msiikabe koo. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu tabia ambayo kila aliyewahi kumsubiri fundi anaijua: mtu akikadiria muda wa kazi, hukadiria kana kwamba hakuna kitakachokwenda mrama, hata kama kazi kama hiyo imemchelewesha kila mara. Basi usijiulize kujiandaa kutakuchukua muda gani. Jiulize jana kulichukua muda gani, uandike huo.

Sasa twendeni jikoni, ambako haraka huuma zaidi. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya hutiwa makusudi ili uishtukie. Tena ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutanda sakafuni. Ukiinusa usiwashe taa, wala usiizime iliyowaka, kwani cheche ya swichi inatosha. Funga valvu ya mtungi kama unaifikia bila hatari, fungua milango na madirisha, watoe watu, kisha piga simu ukiwa nje. Mpira wa gesi ukaguliwe kwa povu la sabuni: mahali panapovuja patatoa mapovu. Msitumie kiberiti. Nawajua, ndiyo maana nasema.

Mafuta yakishika moto kikaangioni, zima jiko ukifunike kwa mfuniko, na usikisogeze mpaka kipoe. Maji hapana! Huzama chini ya mafuta, yakageuka mvuke ghafla na kuyarusha yakiwa yanawaka. Mtu akiungua, mwagieni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno iacheni kwenye meno.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata baridi iwe kali vipi na hata makaa yaonekane yamefifia. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na aliyelala haimwamshi.

Kuhusu kupanga vitu, kabati lililojaa nguo msizovaa halinihusu. Ninachojali ni njia ya kutokea mlangoni iwe wazi gizani. Ninachojali pia ni chupa. Mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, mtoto ataona soda. Akiyanywa msimtapishe, kwa sababu yakipanda yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini msiichanganye kamwe na ile ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya sumu, na anayesugua choo hujifungia humo humo.

Haya yote hayahitaji pesa nyingi. Yanahitaji nusu saa kila mwezi, iliyoandikwa kwenye kalenda kama miadi ya daktari: mpira wa gesi, nyaya zilizochubuka, ekstensheni iliyobebeshwa vifaa vingi, dawa zilizopita muda. Msiseme mtafanya mkipata nafasi. Mimi nina miaka mingi na nafasi hiyo sijawahi kuipata bila kuitenga.

Jumapili ijayo nitapita tena, nyumba baada ya nyumba. Msihangaike na mapishi. Nitazima taa, nitasimama katikati ya chumba chenu cha kulala, na nitawaomba mnitoe nje.

Mzee wenu